Milioni 32 kwa Subaru STI ya 2004: ni bei ya haki?

"Shikamoo mtaalamu. Nipo Morogoro, nina miaka 29, na nimeweka akiba miaka minne nipate Subaru Impreza WRX STI. Nimepata moja Dar, ya 2004, namba D, bluu, gia sita za mkono, kilomita 98,000. Imefungwa ekzosi kubwa na kompyuta yake 'imechezewa' kuongeza nguvu. Tairi za mbele ni za kampuni tofauti na za nyuma. Tangazo linasema milioni 32, maongezi yapo; dalali anasema mwenyewe hashuki chini ya 30. Nimelinganisha na matangazo mengine sita: moja milioni 16 (automatiki), moja 19 na moja 22 (gia tano), halafu 30, 34, na 45 ambayo ni ya 2006, haijaguswa kitu na ina karatasi ya mnada. Fundi wa dalali aliliwasha mbele yangu akasema injini ni nzima. Limetangazwa tangu mwezi wa tatu, na sasa ni wa saba. Rafiki yangu anasema namba D ni mpya, kwa hiyo bei iko sawa, na muuzaji anasema gari kama hili sasa huwezi kuliagiza kwa bei hiyo. Bei ya haki ni ipi? Sitaki kuibiwa, lakini pia sitaki kulikosa."

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na sentensi yako ya mwisho, kwa sababu nadhani ndiyo inayokunyima usingizi. Hofu ya kuibiwa na hofu ya kulikosa zinakuvuta huku na huku, na dalali anaijua hiyo ya pili vizuri sana. Ndiyo maana utasikia kwamba kuna mtu anakuja na hela taslimu Jumamosi. Gari limekaa sokoni miezi minne. Jumamosi zimepita kumi na sita hivi, na huyo mtu hajafika. Soko la gari la namna hii ni jembamba: wanaolitamani ni wengi, wenye milioni 30 mkononi na ujasiri wa kulihudumia ni wachache. Wewe ni mmoja wao. Kaa ukijua hivyo unapoongea bei.

Sasa tuyaangalie yale matangazo sita, maana humo ndimo kosa lako kubwa lilipo. Umeyapanga kana kwamba ni gari moja linalouzwa kwa bei sita tofauti, ukatafuta katikati. Hayo ni magari matatu tofauti yaliyovaa sura moja. Bodi ya Impreza ya miaka hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kila mtu. Ilikuwepo ya injini ya lita 1.5 ya kwendea sokoni, ya 2.0 isiyo na turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuongeza nguvu), WRX yenye turbo, na juu yao wote STI. Milango, taa na boneti vinaingiliana. Boneti yenye pua ya kuvuta hewa, spoila kubwa na nembo za waridi vinafungwa mchana mmoja, na jioni gari la 1.5 linapigwa picha kama STI.

Kisichovalishwa nembo ni namba ya chasisi. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu, jumla 17. Lina kifupi cha herufi kikifuatiwa na namba, kimegongwa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini. Ikianza na GD2 au GD3, hiyo ni 1.5. GD9 ni 2.0 isiyo na turbo. GDA ni WRX. GDB, na hiyo peke yake, ndiyo STI ya umbo hilo la sedani. Pale pale chini ya boneti kuna kibati chenye maelezo ya modeli, injini na giaboksi. Piga picha vyote viwili, halafu linganisha na kadi ya gari.

Kwa kipimo hicho, ile ya milioni 16 uitoe kwenye hesabu leo. STI ya umbo hilo haikutengenezwa na gia za automatiki. Automatiki ilikuja kwenye umbo lililofuata, katika toleo la A-Line. Za 19 na 22 zenye gia tano ni WRX. Ni gari zuri, Japani lilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 250 dhidi ya 280 za STI, lakini lina giaboksi dhaifu zaidi na halina thamani ileile. Umebaki na 30, 34 na 45. Hapo ndipo pa kulinganishia, tena ukikumbuka kwamba zote tatu ni bei za kurusha. Bei ya tangazo inakuambia muuzaji anaota nini. Alichopokea mkononi hakiandikwi popote, na ndani yake kuna cha juu cha dalali pia.

Rafiki yako na namba D, naomba nimkosoe kwa upole, kwa sababu nchi nzima tunaongea hivyo. Tunasema "namba C", "namba D", "namba E" kama vile herufi ni umri wa gari. Herufi inakuambia gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania, basi. STI mbili zilizotoka kiwandani wiki moja zinaweza kuwa hapa moja na namba B na nyingine namba D, kwa sababu moja iliagizwa mapema na nyingine ilikaa Japani miaka mingi zaidi. Kuna faida ndogo katika D: gari limekula mashimo yetu kwa miaka michache zaidi na pengine limepita kwa wamiliki wachache wa hapa. Lakini miaka lililokaa Japani haikuwa ya kulala gereji. Gari la aina hii huko linaendeshwa na vijana kama wewe, wengine wakilipeleka kwenye viwanja vya mashindano mwisho wa wiki. Kwa herufi peke yake, mimi nisingeongeza hata laki tano.

Kilomita 98,000 nazo zinanipa mawazo mawili. Zinaweza kuwa za kweli, kwani Mjapani mwenye gari la starehe huenda kazini kwa treni. Lakini hata zikiwa za kweli, tazama zilipoishia. Mkanda wa taimingi wa injini hii unabadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye injini hii ukikatika pistoni zinagonga valvu, kisha unashusha injini yote. Gari linalouzwa likiwa na 98,000 mara nyingi ni gari ambalo mwenyewe ameikimbia kazi hiyo. Muulize mkanda ulibadilishwa lini, na risiti iko wapi. "Ulibadilishwa" bila risiti, mimi nahesabu haujabadilishwa.

Na zinaweza kuwa si za kweli. Ile ya milioni 45 ina karatasi ya mnada, na hilo linaeleza sehemu ya bei yake. Magari mengi ya Japani hupita mnadani kabla ya kusafirishwa, na mkaguzi wa mnada, ambaye hana maslahi na muuzaji, hujaza karatasi: alama ya jumla, kilomita, na mchoro wa bodi wenye vialama. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, XX ni kipande kilichobadilishwa. Alama ya jumla ya 4 au 4.5 ni gari safi. R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Ukiwa na namba ya chasisi unaweza kuitafuta karatasi hiyo mtandaoni kwa ada ndogo. Karatasi ikisema gari lilitoka Japani na kilomita 131,000, na wewe hapa unaonyeshwa 98,000, maongezi yameisha na umeokoa milioni 30. Ukiikosa karatasi, usikate tamaa ila tumia macho: mpira wa pedali ya klachi, ngozi ya usukani, na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Vitu hivyo haviwezi kurudishwa nyuma kwa kompyuta.

Sasa injini. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu bei ya gari hili, usipoficha maneno, ni bei ya injini yenye matairi manne.

Fundi wa dalali aliliwasha akasema ni nzima. Mdogo wangu, injini hii inaweza kuwaka vizuri, ikanguruma vizuri, na ikawa imebakiza mwezi. Ni injini iliyolala: silinda mbili kulia, mbili kushoto, pistoni zikipigana ngumi kama mabondia. Ni imara ikitunzwa, lakini ina njia mbili maarufu za kufa, na zote mbili zinaanza kimyakimya.

Ya kwanza ni oili. Turbo na beringi za konrodi, zile zinazoibeba pistoni kwenye krenki, zinaishi kwa utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua, au ikichakaa bila kubadilishwa, au dereva akila kona kwa nguvu wakati oili iko chini ya alama, pampu inavuta hewa badala ya oili. Sekunde chache zinatosha kukwaruza beringi. Kisha linaanza ko-ko-ko inayokwenda kasi unapokanyaga mafuta, na mlio huo hauponi. Usiuchanganye na mlio mwingine wa asubuhi: pistoni za injini hizi huwa zinagongagonga kidogo injini ikiwa baridi, na mlio unapotea ikipata joto. Huo hautishi. Unaotisha ni ule unaobaki, au unaoongezeka oili ikipata joto na kuwa nyepesi.

Ya pili ni kile mafundi tunachokiita kugonga, na hapa ndipo "kuchezewa kompyuta" kunapoingia. Katika silinda, plagi inatakiwa kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa upande mmoja, moto ukatambaa kwa mpangilio kama moto wa nyasi kavu. Ukizidisha presha ya turbo, au joto likawa kali, au petroli ikawa na okteni ndogo (kipimo cha petroli kustahimili bila kulipuka yenyewe), mchanganyiko uliobaki haungojei moto uufikie. Unalipuka wenyewe, ghafla. Mlipuko huo ni nyundo juu ya pistoni. Kinachovunjika mara nyingi ni ukingo mwembamba ulioko kati ya mifereji ya ringi, zile pete zinazoziba pembeni mwa pistoni. Ukivunjika, kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, inavuja kwenda chini, oili inapanda kwenda juu, na gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. STI ya Japani iliandaliwa kwa petroli ya huko ya daraja la juu, yenye okteni ya karibu 100, ambayo si ya kawaida katika vituo vyetu. Kompyuta ya kiwandani inalijua tatizo hilo: ina kitambuzi kinachosikiliza kugonga, na ikisikia inachelewesha cheche ili kuilinda injini, hata kama utapoteza nguvu kidogo. Aliyeichezea kompyuta anaweza kuwa aliipima injini kwa mashine, kwa petroli ya hapa, akaacha akiba ya usalama. Anaweza pia kuwa alimwaga programu aliyoipata mtandaoni, iliyoandikwa kwa petroli ya nchi nyingine. Kwa kusikiliza ekzosi hutaweza kutofautisha.

Kwa hiyo ekzosi ile kubwa na "kompyuta iliyochezewa", ambavyo muuzaji atakuambia ametumia milioni kadhaa kuvifunga, haviongezi bei. Vinaipunguza. Najua hilo linawauma wenye magari. Hata mimi niliwahi kujaribu kuuza gari langu nikidai hela ya rimu nilizoagiza kwa mapenzi yangu, na mnunuzi akanicheka mbele ya watoto wangu. Mnunuzi hanunui mapenzi yako. Katika magari ya namna hii, lililobaki kama lilivyotoka kiwandani ndilo linalopanda thamani, na ndiyo sababu nyingine ya ile milioni 45. Kama muuzaji bado ana ekzosi ya asili na vitu vyote alivyofungua, vidai viwe sehemu ya mauzo. Vina thamani kuliko alivyovifunga.

Njia ya kujua hali ya ndani bila kushusha injini ipo: kupima kompresheni. Fundi anafungua plagi zote nne, anafunga geji kwenye kila tundu, injini inazungushwa kwa stata, na unapata namba nne. Kwenye Subaru plagi ziko ubavuni, zimebanwa na bodi, kwa hiyo kazi inachukua muda, na hicho ndicho kisingizio cha wauzaji wengi kukataa. Usikubali. Ukubwa wa namba unaathiriwa na geji na hali ya betri, kwa hiyo zaidi ya yote angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10, kuna jambo. Tatu zikisoma 150 na moja 105, hilo gari linauzwa kwa sababu ya hiyo moja, na mara nyingi utakuta ni silinda ya nne. Fundi mwenye vifaa anaweza kuendelea kwa kuingiza hewa ya kompresa kwenye silinda: ikisikika kwenye kifuniko cha oili, ringi zimekwisha, ikitoka kwenye ekzosi, valvu, rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya hedi.

Kabla ya yote hayo, fika asubuhi bila kutoa taarifa ya saa kamili, na uweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, gari limewashwa likapashwa kabla hujafika. Waambie utarudi kesho. Hukuniambia siku ile boneti ilikuwaje, na nadhani hukuigusa.

Hizo tairi mbili mbili zimenishtua kidogo, na wengi wanazipuuza. STI inaendesha magurudumu yote manne muda wote, na katikati kuna difrensha inayogawa nguvu mbele na nyuma. Tairi za mbele zikiwa na mzingo tofauti na za nyuma, hata kwa kiasi kidogo, difrensha hiyo inafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, na inapata joto. Lizungushe gari polepole kwenye uwanja, usukani umekata mpaka mwisho. Likishika na kurukaruka kama limefungwa breki, jiandae kwa gharama. Na hata lisiposhika, muuzaji aliyebania hela ya tairi nne kwenye gari la milioni 30, ujiulize oili alikuwa anaweka gani.

Mwambie pia fundi wa bodi, si wa injini, aangalie kulehemu kwa ndani ya bampa na kwenye nguzo za mbele. Hiyo nakuachia yeye.

Twende kwenye hoja ya muuzaji kwamba huwezi tena kuagiza kwa bei hiyo. Hapo amesema kweli, ila nusu. Kipimo cha haki cha bei ya juu kabisa ya gari lililopo mtaani ni gharama ya kuleta jingine kama hilo. Chukua gari ambalo, pamoja na meli na bima, thamani yake bandarini Dar ni shilingi 100. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, unafika 125. Juu ya hapo kuna ushuru wa bidhaa: asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1000 na 2000, na STI ya Japani ina 1994, imepona kwa tundu la sindano. Halafu kwa kuwa lina zaidi ya miaka 10, asilimia 30 ya uchakavu. Inaongezeka karibu 44, unafika 169. VAT ya asilimia 18 inakupeleka karibu 199, na bado hujalipa tozo ndogondogo, wakala na usajili. Yaani kodi inalingana na gari lenyewe. Tena TRA wanatumia thamani iliyomo kwenye mfumo wao wa magari yaliyotumika, wala si lazima ile ya ankara yako. Mfumo huo uko wazi mtandaoni. Ingiza mwaka na modeli uone mwenyewe, kwani viwango hubadilika na bajeti.

Na huko Japani bei zimepanda. Marekani inaruhusu gari la kigeni kuingia bila masharti yake ya usalama likishafikisha miaka 25. STI za 2001 zinafikisha umri huo mwaka 2026, na ya 2004 kama hiyo itafikisha 2029. Wafanyabiashara wanajua kuhesabu, wanazinunua na kuziweka. Kwa hiyo ndiyo, kuagiza STI safi leo kutakugharimu zaidi ya milioni 32, mbali kabisa.

Lakini muuzaji anasahau nusu ya pili: hicho unachokiagiza ni gari safi lenye karatasi. Lake lina injini isiyopimwa, kompyuta iliyochezewa na tairi mseto. Dari kuwa juu hakumaanishi kila kilichomo chumbani kimefika darini.

Basi tufanye hesabu. Namba nitakazotumia za matengenezo ni za mfano. Wewe weka zile utakazopewa na fundi wako na maduka. Nachukua ile ya 34 kama kipimo, kwa sababu ya 45 ni ya mwaka wa juu na ya asili. Hakikisha kwanza kwamba nayo ni GDB kweli, na kwamba haina mambo yaleyale. Tuseme baada ya maongezi ingeuzwa 31. Hiyo ndiyo bei ya gari kama lako likiwa zima. Toa mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji na roli zake, tuseme laki 9. Toa tairi nne, tuseme milioni 1.6. Klachi, kama inateleza gia ya juu ukikanyaga, tuseme milioni 1.5. Umeshuka hadi milioni 27. Kurudisha kompyuta kwenye hali ya kiwandani au kuipima upya kwa petroli ya hapa, pamoja na usumbufu wako, toa nyingine moja. Umefika 26.

Hiyo 26 ni kama kompresheni imepimwa na namba nne ziko karibu karibu. Isipopimwa, usitafute punguzo, ondoka. Nimewahi kuona watu wakipunguziwa milioni mbili ili wasipime, wakafurahi, na injini ikadai zaidi ya hiyo kabla ya Krismasi. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Na ikipimwa ikakutwa silinda moja imeanguka, kutoa bei ya matengenezo tu hakutoshi. Utoe na cha kukufariji, maana ukishashusha injini hii unakutana na mambo ambayo hakuna aliyekuahidi. Hapo mimi nisingevuka milioni 18, na pengine nisingelichukua kabisa.

Kwa hiyo ungeanzia 24 mkononi, ukiwa na karatasi ya hesabu yako umeiandika, ukaishia 26 au 27 likiwa zima. Ikiwa mwenyewe, siyo dalali, anakaa kwenye 30, mwachie namba yako ya simu. Ongea naye ana kwa ana hata mara moja. Utashangaa mara nyingine bei ya mwenye gari na ya dalali haziongei lugha moja.

Una njia nyingine, na nitakuwa mkweli kwako. Ile ya 45 inaweza kuwa rahisi kuliko hii kwa miaka mitano, kama unaweza kuifikia bila kukopa, kwa sababu ukiiuza itarudisha sehemu kubwa ya hela yako. Ikikubidi ukope ili uifikie, sahau. Ile WRX ya 22, ikipimwa ikawa nzima, ingekuachia akiba ya milioni kadhaa za matengenezo, na kwa safari za Morogoro hadi Dar hutaona tofauti mpaka uvunje sheria. Ninachokukataza ni kutumia akiba yote kununua na kubaki na laki mbili. Gari hili linaadhibu mwenye mfuko mtupu: litataka oili nzuri kwa wakati, petroli nyingi, na bima kubwa, kwa kuwa bima ndogo haitakulipa chochote likiibiwa au ukilipindua mwenyewe.

Kuna mambo ambayo jibu la kuandika haliwezi kuyamaliza. Kompresheni ipimwe na fundi wa Subaru uliyemchagua na kumlipa wewe, katika gereji yake. Kadi ipelekwe TRA kuhakikisha jina, namba ya chasisi na namba ya injini vinalingana na vilivyomo kwenye mfumo. Injini hizi hubadilishwa sana, na injini ngeni isiyoandikwa itakusumbua siku ya kuhamisha umiliki. Faini za barabarani ziangalie kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na deni la maegesho vilevile, yalipwe kabla hujatoa hela. Kama kadi "iko benki", maana yake gari ni dhamana ya mkopo: malizaneni mbele ya afisa wa benki hiyo, hela iingie kwenye mkopo, na mkataba wa mauziano uandaliwe na wakili. Usipokee ahadi ya kadi wiki ijayo, hata ya ndugu.

Ukishapima, niandikie tena. Nitajie namba zote nne za kompresheni kama zilivyosomeka na namba ya chasisi inavyoanza, na kama umeipata karatasi ya mnada, picha yake. Neno "iko sawa" kutoka kwa fundi usiniletee.